Mkono Uliotoa Mkate: Binadamu na Nguruwe Mwitu katika Mji wa Hong Kong

1. Utangulizi

Katika lugha nyingi za Kibantu jina la nguruwe ni moja. Kiswahili husema nguruwe, Kinyarwanda na Kirundi ingurube, Kiluba ngulube, na mbali kusini Kizulu husema ingulube. Enezi la jina hili laonyesha kwamba mababu walimjua mnyama huyo wa porini muda mrefu kabla ya nguruwe wa zizini kuletwa na wageni. Alipokuja huyo wa zizini, lugha ililazimika kuwatenga wawili hao, na Kiswahili kilifanya hivyo kwa neno dogo tu: nguruwe na nguruwe mwitu. Kichina nacho kilipita njia hiyohiyo. Nguruwe ni zhu. Yule wa porini ni ye zhu, yaani nguruwe wa nje, wa mahali pasipokaliwa na watu.

Neno "mwitu" laeleza zaidi ya makao ya mnyama. Ndani yake mna mapatano ya zamani: wewe kwako, nami kwangu. Lakini itakuwaje siku nguruwe mwitu atakapolala kando ya barabara ya lami, akala mkate mkononi mwa mpita njia, na watoto wake wakazaliwa nyuma ya maghorofa? Hapo neno limebaki, ila mapatano yamevunjika.

Makala haya yanachunguza historia ya mapatano hayo katika mji mmoja, Hong Kong, ulio kusini mwa China. Mji huo umechaguliwa kwa sababu mbili. Kwanza, ni mahali ambapo maghorofa marefu kabisa na misitu minene hupakana bila uwanda wa katikati. Pili, katika miaka michache tu serikali yake ilijaribu karibu kila dawa inayojulikana: bunduki, sindano ya kuzuia uzazi, uhamisho, kifo, na mwishowe sheria dhidi ya mkono unaolisha. Mpangilio wa dawa hizo, yaani ipi ilitangulia na ipi ilifuata, ndio unaobeba fundisho la habari hii.

2. Nchi na mnyama wake

Hong Kong ni nchi ndogo. Eneo lake ni kilomita za mraba zipatazo 1,100, nalo lina watu wapatao milioni 7 na nusu. Waingereza walikichukua kisiwa cha Hong Kong katika miaka ya 1841 na 1842, wakaongeza rasi ya Kowloon mwaka 1860, na mwaka 1898 wakakodi maeneo ya kaskazini kwa miaka 99. Nchi nzima ilirudishwa kwa China mwaka 1997.

Anayesikia habari za msongamano wa watu hudhani kwamba pale hakuna jani. Sivyo. Sehemu kubwa ya ardhi ni milima mikali isiyofaa kujengwa, na watu wamebanwa katika vipande vya tambarare na katika ardhi iliyofukiwa baharini. Milima hiyo ilikuwa karibu uchi katika karne ya 19. Ilipandwa miti, kisha miti ikakatwa kwa kuni wakati wa vita na utawala wa Wajapani kati ya 1941 na 1945, na baadaye ikapandwa tena. Mwaka 1976 ilitungwa sheria ya mbuga za mashambani, na kwa sheria hiyo karibu asilimia 40 ya nchi imewekwa chini ya hifadhi. Wakati huohuo wakulima wa kaskazini waliacha mpunga na mboga wakaenda viwandani na mijini. Mashamba yao yakageuka vichaka. Hivyo, katika muda wa maisha ya mtu mmoja, makao ya nguruwe mwitu yalipanuka na kusogea mpaka nyuma ya jikoni za watu.

Mnyama mwenyewe si mgeni. Ni mwenyeji wa milima hiyo, wa jamii ileile iliyozaa nguruwe wa zizini, ambaye Wachina walianza kumfuga zaidi ya miaka 8,000 iliyopita. Undugu huu umeandikwa hata katika maandishi yao: herufi ya Kichina inayomaanisha nyumba au jamaa imeundwa kwa alama ya paa, na chini ya paa hilo alama ya nguruwe. Kwa msomaji wa Kichina, basi, nguruwe chini ya paa si jambo la ajabu. Ajabu ni yule wa nje anapoingia chini ya paa bila kufugwa na mtu.

3. Kutoka chui milia hadi wawindaji

Zamani mapatano yalilindwa na meno. Chui milia, yule paka mkubwa wa Asia mwenye mistari, alikuwa akipita katika milima hiyo akitokea bara. Mwaka 1915 mmoja aliwaua askari polisi wawili karibu na Sheung Shui kabla ya kupigwa risasi. Kichwa chake kimehifadhiwa katika makumbusho ya polisi. Mwingine aliuawa mwaka 1942 huko Stanley, upande wa kusini wa kisiwa, na ngozi yake iliwekwa katika hekalu la hapo. Hatimaye mlaji huyo mkubwa wa nguruwe alitoweka. Chatu wapo hata leo, nao humeza watoto wa nguruwe, lakini nguruwe aliyekomaa, ambaye uzito wake waweza kuzidi kilo 100, hana wa kumwogopa isipokuwa binadamu.

Binadamu naye alirithi kazi ya chui milia. Mkulima aliyeamka asubuhi akakuta viazi vimefukuliwa hakuhitaji kuelezwa tofauti ya mgeni na mwizi. Sheria ya kulinda wanyama pori ya mwaka 1976 ilifunga mlango wa uwindaji huria, lakini ikaacha dirisha: wawindaji wa kujitolea, wenye kibali maalumu na mbwa wao, waliruhusiwa kuwasaka nguruwe walioharibu mazao au kutishia watu. Kwa miaka mingi vikosi hivyo viliitwa kila malalamiko yalipozidi.

Mpango huo ulifaa kwa mashamba. Haukufaa kwa mji. Risasi haiwezi kufyatuliwa penye shule, kituo cha basi na maghorofa ya orofa 40. Zaidi ya hayo, fikira za watu zilikuwa zimebadilika. Mjukuu wa yule mkulima sasa alikaa ghorofani, hakuwa na viazi vya kulinda, na nguruwe kwake alikuwa kiumbe wa kupendeza anayeonekana siku za mapumziko. Mwaka 2017 kazi ya vikosi vya wawindaji ilisimamishwa.

4. Mkate barabarani

Nguruwe hakuingia mjini kwa sababu amefukuzwa porini, wala msitu haukukauka. Aliitwa. Walimwita kwa njia mbili, moja bila kujua na nyingine kwa makusudi.

Njia ya kwanza ni taka. Mapipa yaliyo wazi kwenye maegesho, kwenye viwanja vya kuchomea nyama na pembeni mwa vijiji yalimpa nguruwe chakula kingi kuliko ambacho angefukua porini kwa usiku mzima. Pua yake husikia harufu kutoka mbali, na pua hiyohiyo ina nguvu ya kuliangusha pipa.

Njia ya pili ni mkono wenyewe. Watu walisimamisha magari wakarusha mikate. Wengine walikuja kila siku, saa ileile, na mfuko uleule. Hawakuwa watu wabaya. Walimwona mama na watoto wake, wakahurumia, wakatoa. Waswahili wanasema "tenda wema nenda zako", na ndivyo walivyofanya: walitenda wema, wakaenda zao. Aliyebaki na nguruwe ni jirani wa mahali pale, aliyepaswa kupita njia hiyo usiku akirudi kazini na mfuko wa mboga mkononi.

Maana mnyama hajui wema. Ajualo ni kwamba binadamu ni mahali penye chakula, na kwamba mfuko unaochakarika ni wa kufuatwa. Methali yasema "mkono mtupu haulambwi". Nguruwe aliyezoea kulamba mkono uliojaa hatauelewa mkono mtupu atakapokutana nao. Atausukuma, na asipopata kitu atauma. Hali kadhalika chakula kingi hubadili uzazi. Jike aliyeshiba hupata mimba mapema, naye huzaa watoto kadhaa kwa mara moja baada ya mimba ya miezi minne tu. Kila mkate ulikuwa pia hesabu ya nguruwe wa mwaka ujao.

Matokeo yakaonekana. Familia ya nguruwe ilionekana ikioga katika bwawa la maji la jengo la benki, katikati kabisa ya mji. Mwezi wa Juni 2021 nguruwe mdogo aliingia katika kituo cha Quarry Bay na kupanda garimoshi la abiria. Watu walicheka na kupiga picha. Lakini malalamiko nayo yaliongezeka, na pamoja nayo habari za watu walioangushwa na kuumwa.

5. Sindano ya uzazi

Baada ya kuwasimamisha wawindaji, Idara ya Kilimo, Uvuvi na Hifadhi ilianza mwishoni mwa mwaka 2017 jaribio la aina nyingine. Madaktari wa wanyama waliwapiga nguruwe wa mjini sindano ya usingizi kwa bunduki maalumu, wakawadunga chanjo inayozuia uzazi, kisha wakawapeleka porini mbali na makao ya watu na kuwaachia huko. Chanjo hiyo huufanya mwili wa mnyama wenyewe kuipinga homoni inayoongoza uzazi, na nguvu yake hudumu miaka kadhaa.

Ulikuwa mpango wa upole, na wapenda wanyama waliupokea kwa furaha. Udhaifu wake haukuwa katika sindano bali katika hesabu. Kila nguruwe alihitaji kutafutwa, kulazwa, kubebwa na kusafirishwa; kundi la watumishi wa kutosha lingeweza kuwashughulikia wachache tu kwa usiku mmoja, huku majike yasiyofikiwa yakiendelea kuzaa. Na kubwa kuliko yote, mkate ulikuwa ungali barabarani. Nguruwe mmoja akiondolewa mahali penye chakula, nafasi yake haikai tupu. Hujazwa na mwingine anayeshuka mlimani kwa harufu ileile. Idara ilichota maji huku bomba likiwa wazi.

Kwa haki ni lazima isemwe kwamba idara hiyo haikunyamaza. Iliweka mabango, ikawafundisha wananchi, ikashughulikia pia mapipa ya taka ambayo mnyama hawezi kuyafungua wala kuyaangusha. Lakini sheria ya kukataza kulisha wanyama pori, iliyoanza kutumika mwaka 1999, ilitungwa hasa kwa ajili ya nyani wa mbuga chache za Kowloon na kaskazini. Nje ya mipaka hiyo, aliyerusha mkate hakuvunja sheria yoyote ya ulishaji. Bango lilimwomba aache, na bango huombwa radhi kwa urahisi.

6. Novemba 2021

Tarehe 9 Novemba 2021, katika kitongoji cha Tin Hau, askari polisi msaidizi aliyeitwa kushughulikia nguruwe alishambuliwa na kuumwa mguuni. Mnyama mwenyewe alianguka kutoka mahali pa juu akafa. Siku tatu baadaye, tarehe 12, idara ilitangaza kwamba mpango wa kuhamisha nguruwe wa mjini umefikia mwisho wake: tangu sasa nguruwe watakaokutwa katika makao ya watu wangekamatwa na kuuawa kwa dawa.

Operesheni ya kwanza ilifanyika tarehe 17 mwezi huohuo katika barabara ya Shum Wan, upande wa Aberdeen, mahali palipojulikana kwa watu kuwalisha nguruwe. Watumishi waliweka vipande vya mkate kando ya njia. Nguruwe wakaja kama walivyozoea kuja. Saba walipigwa sindano za usingizi, nao hawakuamka.

Habari hii yafaa kutazamwa kwa utulivu. Chambo hakikuwa kitu kipya kilichobuniwa na serikali. Kilikuwa chakula kilekile ambacho mikono ya huruma ilikuwa imekitoa mahali palepale. Nguruwe asiyewahi kulishwa angeukimbia mwanga wa taa na harufu ya watu. Waliokufa ni wale waliojifunza kuamini. Waswahili husema "mazoea yana taabu", na kwa kawaida taabu hiyo humpata aliyezoea, si aliyemzoeza.

Mji uligawanyika. Vyama vya kutetea wanyama vililaani mauaji, vikadai serikali irudie chanjo na kuwaadhibu walishaji. Wengine, hasa wakazi wa mitaa iliyosumbuliwa, walisema kwamba usalama wa mzee anayetembea usiku ni mkubwa kuliko uhai wa mnyama. Kila upande ulishika kipande cha ukweli. Watetezi walikuwa sahihi kwamba mnyama hakuwa na kosa. Wakazi walikuwa sahihi kwamba mnyama asiye na kosa aweza kuua. Lakini mabishano hayo yote yalimtazama nguruwe: je, afe au aishi? Mkono uliomwita ulitajwa mwishoni mwa mazungumzo.

7. Sheria ya mkono

Ndipo tarehe 31 Desemba 2021 marufuku ya kulisha wanyama pori ilipanuliwa kutoka mbuga zile chache hadi nchi nzima. Kati ya mauaji ya Shum Wan na marufuku hiyo zilipita siku 44. Adhabu ya juu kabisa bado ilikuwa faini ya dola 10,000 za Hong Kong. Ilipofika tarehe 1 Agosti 2024, sheria iliyorekebishwa iliipandisha hadi dola 100,000 na kifungo cha mwaka mmoja, na kuweka faini ya papo hapo ya dola 5,000. Marekebisho hayo yaliwahusu pia wanaolisha njiwa wa mjini.

Tarehe hizi zikipangwa kwa mfuatano, zinatoa hukumu yenyewe. Mnyama aliadhibiwa kwanza. Mkono ulikatazwa baadaye. Na adhabu ya kuuogopesha ilikuja karibu miaka mitatu baada ya nguruwe saba wa kwanza. Aliyeelewa maandishi ya bango alionywa kwa miaka mingi. Asiyeweza kusoma alihukumiwa kwa usiku mmoja. Idara iliripoti baadaye kwamba idadi ya nguruwe mwitu imepungua. Yawezekana kabisa kwamba operesheni za kuua zilikuwa na sehemu kubwa katika upungufu huo. Lakini upungufu unaotokana na kifo hudumu muda ambao kifo kinaendelea kutolewa, ilhali upungufu unaotokana na mkono uliofungwa na pipa lililofunikwa hujiendesha wenyewe, kwa sababu nguruwe asiyepata kitu mjini hana sababu ya kushuka mlimani.

Hapa ndipo penye siri ya kuishi kwa amani na mnyama huyo, na siri yenyewe ni ya kawaida mno. Taka zifungwe. Chakula kisitolewe hata kwa nguruwe mchanga, maana ndiye atakayekua na kukumbuka. Anayekutana naye asimkimbilie wala kumgusa, bali aondoke polepole na kumwachia njia, hasa akiwa jike na watoto. Mwenye mbwa amshike kamba. Hakuna katika hayo lililo gumu kwa mwili. Ugumu wake uko moyoni, kwa kuwa yanamtaka binadamu akubali kutopendwa na mnyama anayempenda.

8. Hitimisho

Historia ya Hong Kong inaonyesha hatua nne za mapatano kati ya binadamu na nguruwe mwitu. Kwanza yalilindwa na chui milia. Kisha na mwindaji. Halafu yakaachwa bila mlinzi huku huruma ikiyatoboa. Na mwishowe sheria ikajaribu kuyashona upya, baada ya damu kumwagika. Katika hatua hizo zote nguruwe hakubadili tabia yake hata kidogo. Alifuata chakula, kama mababu zake walivyofanya. Aliyebadilika ni jirani yake.

Desturi ya lugha ilikuwa imeliona jambo hili mapema. Kiswahili hakikumpa mnyama huyo jina la pekee. Kilimpa jina la ndugu yake wa zizini na kumwongezea neno la mpaka. Kichina kilimweka mmoja chini ya paa na mwingine nje. Mpaka huo haukuwa matusi kwa mnyama. Ulikuwa ulinzi wake. Nguruwe mwitu anayeitwa mwitu na kuachwa mwitu huishi. Anayevutwa kwa mkate hupoteza neno hilo, na pamoja nalo hupoteza uhai. Wale saba wa Shum Wan walikufa wakiwa hawana jina linalowafaa: hawakuwa wa zizini, wala hawakuwa tena wa mwituni.

Miji ya Afrika nayo inapanuka kuelekea vichaka na mashamba, na nguruwe wa porini wa bara hili, anayejulikana kwa kila mkulima aliyekesha akilinda mahindi yake, ana pua ileile na akili ileile. Mkulima huyo hampendi nguruwe, lakini kwa kumweka mbali humwachia nafasi ya kuishi. Wakazi wa miji watakaokuja baada yake, wasio na mahindi ya kulinda, watahitaji kujifunza kumweka mbali bila chuki. Kazi hiyo huanza siku nguruwe wa kwanza anapotokea kando ya barabara na mtoto mmoja akaingiza mkono mfukoni kutafuta mkate.